Pundamilia wa Kukodi Harusini

Tangu bumu la mwisho liingie kuna wazo linazunguka kwenye grupu la mwaka wetu. Badala ya kukaa kusubiri ajira za ualimu ambazo hujui zitatoka lini, tuungane tuanzishe kampuni ya kukodisha wanyama wa kupamba harusi. Pundamilia kwenye lango la ukumbi, ngamia wa kumbeba bwana harusi, korongo wawili wakitembea bustanini wakati watu wanapiga picha. Hoja yao ni kwamba kama Dar watu wanaingia ukumbini na farasi, sisi wa Kagera tunashindwa nini wakati hifadhi iko mlangoni? Mimi kwetu ni Ngara, na mazoezi ya kufundisha nilifanyia Biharamulo, kwa hiyo nimejaribu kulipima wazo hili kwa mazingira ya kule.

Kwamba wanyama wapo, hilo halina ubishi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Tatizo ni kwamba kuwa jirani na pundamilia hakukupi haki yoyote juu yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kifungu cha 4, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Halafu kuna neno "nyara". Wengi wetu tukisikia nyara za serikali tunafikiria meno ya tembo au ngozi ya chui. Sheria hiyo hiyo inamhesabu mnyama kuwa nyara akiwa hai au amekufa. Yaani kobe uliyemwokota njiani ukamfungia uani ni nyara, na korongo uliyemnunua kwa kijana wa kijijini ni nyara pia. Kesi za namna hii huendeshwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambayo tangu marekebisho ya 2016 inataja kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kwa biashara ya kupamba lango, hiyo bei ni kubwa mno.

Utasema basi tutaomba leseni. Sawa, njia halali za kufuga wanyamapori zipo, kwa mfano bustani za wanyama na mashamba. Ila hizo zinataka ardhi, uzio, daktari wa mifugo na ukaguzi, na hakuna kikundi cha wahitimu watano kitakachoziweza kwa akiba ya bumu. Tena nchi hii imeshaumwa na nyoka kwenye biashara ya wanyama hai. Novemba 2010 wanyama na ndege zaidi ya 100, wakiwamo twiga 4, walipakiwa kwenye ndege ya kijeshi pale KIA wakapelekwa Qatar. Tangu hapo maofisa hawana masihara na mtu anayetaka kumhamisha mnyama hai kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Mfano ulionigusa zaidi uko ng'ambo tu ya daraja la Rusumo. Rwanda walikuwa na tabia ya kumweka korongo taji, wao humwita umusambi, kwenye bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo. Ndege mzuri kweli, na kile kishungi chake cha dhahabu, na ukimtazama akicheza unaelewa kwa nini mtu amtamani kwenye sherehe. Ili asiruke walimkata mabawa. Akiwa peke yake kwenye bustani hapati mwenzi, hatagi, na lishe yake ni mabaki ya jikoni. Huku nyuma, kwenye mabonde, korongo wakazidi kupungua. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza kampeni ya kuwataka wenye korongo wawasalimishe bila kushtakiwa. Zaidi ya 200 walikusanywa. Waliopona walirudishwa porini kupitia hifadhi ya Akagera. Ambao mabawa yao yalishaharibika kabisa walitengenezewa mahali pao Kigali, panaitwa Umusambi Village, na huko wataishi hadi mwisho. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 tu Rwanda nzima. Sasa wazo la grupu letu ni kuanza upande huu kile ambacho majirani wanahangaika kukimaliza.

Kuna na suala la magonjwa, ambalo watu wa Biharamulo hawahitaji kuhubiriwa. Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani humo. Watu 10 walihesabiwa kufa, wengi wao kabla hata maabara haijathibitisha ugonjwa, na mlipuko ukatangazwa kwisha Machi 13. Virusi hivyo huishi kwa popo wala matunda. Lakini jina lenyewe lina historia inayotuhusu. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika mji wa Marburg, Ujerumani, waliugua baada ya kushika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua 31 na wakafa 7. Hivyo mtu akikwambia tumbili aliyevalishwa suti atachekesha wageni, mwambie na hiyo.

Haya, tuache wanyamapori, vipi ngamia na farasi? Hawa ni wanyama wa kufugwa, kwa hiyo ile sheria ya wanyamapori haiwahusu. Kinachowazuia ni mbung'o. Pori la Biharamulo linajulikana kwa mbung'o tangu enzi za Wajerumani, na nagana humwangusha farasi na ngamia haraka kuliko ng'ombe. Umlete kutoka Arusha, umlishe, umchanje, umlipe mchungaji anayemjua, halafu afe kabla ya msimu wa harusi wa Desemba. Mtaji umekwenda.

Ninachokiona mimi ni kwamba tumeangalia mbali mno. Ng'ombe wa pembe ndefu wako Ngara, Karagwe na kote huku, na kwenye mahari ng'ombe hajawahi kuwa mgeni. Pale Nyanza, Rwanda, kwenye makumbusho ya ikulu ya mfalme, ng'ombe wa Inyambo huvalishwa shanga kwenye paji la uso, huimbiwa, na hufunzwa tangu wadogo kutembea taratibu mbele ya watu. Sisi ng'ombe tunao, ila hatujawahi kumfunza wala kumpamba. Jike mpole mwenye pembe za kufika mbali, akiletwa wakati wa kukabidhi mahari, atapigwa picha kuliko pundamilia. Na mwenye ng'ombe ni baba mdogo wako au jirani, mnagawana fedha, hujanunua kitu. Utahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa mifugo, na ukisikia karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo imetangazwa, unarudisha kishika uchumba cha mteja siku hiyo hiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 nayo ipo: hakuna kumsimamisha ng'ombe mbele ya spika hadi saa sita usiku.

Kama mtaji ni mdogo zaidi, fuga njiwa weupe. Hapa watu hukosea kwa kununua njiwa wowote weupe waliokulia kizimbani na kuwaachia kanisani. Hao hawajui njia, mwewe anawamaliza. Unaotaka ni njiwa wa kurudi nyumbani. Jike hutaga mayai mawili, huatamia kama siku 18, na kinda akifika wiki ya tano hivi ameota manyoya. Unamzoesha kizimba chako akiwa mdogo, kisha unamwachia umbali mdogo, siku nyingine mbali kidogo, hadi amudu kurudi kutoka mjini. Yaani mali inaondoka mbele ya mteja, inakusubiri nyumbani.

Ila njiwa harudi gizani, na huku kwetu jua linazama karibu saa moja. Ukumbini watu wanaanza kuingia saa mbili. Kwa hiyo huduma hii unaiuza kwa ajili ya mlangoni pa kanisa au nyumbani kwa bibi harusi mchana, na kamati ya harusi iambiwe mapema, kabla hawajachapisha ratiba na MC hajaahidi watu njiwa wakati wa kukata keki.