Zheng He kwa Mizani ya Columbus

Kuna mchoro unaorudiwa sana kila panapozungumzwa historia ya China. Unaonyesha meli mbili zimewekwa pamoja: ya Zheng He, amiri wa majini wa nasaba ya Ming, yenye milingoti tisa na urefu wa kama mita 130, na pembeni yake kijimeli cha Christopher Columbus kisichofika hata mita 30. Anayeipenda China akiutazama kifua kinamjaa. Asiyeipenda haulizi mengi: mbona basi aliyefika Amerika ni yule wa kijimeli? Hapo ubishi hauna mwisho tena, kwa kuwa pande zote mbili zimekwisha kukubaliana, pasipo kusema, juu ya jambo ambalo ndilo kosa lenyewe, yaani kwamba safari za Zheng He zipimwe kwa kulinganishwa na za Columbus.

Tuchukue kwanza huo urefu wa meli. Msingi wake ni historia rasmi ya nasaba ya Ming, iliyokamilishwa mwaka 1739, karne tatu baada ya safari zenyewe, na vipimo vinavyokaribiana sana navyo vimo katika riwaya ya mwaka 1597 iliyojaa miujiza. Mwaka 1957 huko Nanjing, kwenye karakana ya zamani ya meli, ulipatikana mti wa usukani wenye urefu wa mita 11 hivi, nao ni ushahidi wa meli kubwa kweli, ila hautuambii ilikuwa kubwa kiasi gani. Mbao nazo zina mipaka yake. Wyoming, meli ya mbao iliyojengwa Marekani mwaka 1909, ilikuwa na sitaha ya zaidi kidogo ya mita 100. Pamoja na kukazwa kwa vyuma, ilipinda kwenye mawimbi na kuvuja hadi ikabidi maji yavutwe kwa pampu, na mwaka 1924 ikazama na watu wake wote. Xin Yuan'ou, mtaalamu wa ujenzi wa meli wa Shanghai, alizipima hoja hizi akaona meli za Zheng He zilikuwa na urefu wa karibu mita 60. Huyo ni Mchina, na hakuna aliyemlipa aidharau nchi yake. Isitoshe, kinachojulikana kwa hakika kinatosha kumshangaza yeyote: misafara saba kati ya 1405 na 1433, wa kwanza ukiwa na watu zaidi ya 27,000. Kulisha watu wa idadi hiyo, kuwanywesha, kuwatibu na kuwarudisha kwa kufuata majira ya pepo ni kazi kubwa kuliko kurefusha meli. Lakini kazi hiyo haichoreki vizuri.

Mizani hii ya Columbus ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Liang Qichao, mwanamageuzi aliyekuwa uhamishoni Japani baada ya mageuzi ya mwaka 1898 kushindwa, aliandika wasifu wa Zheng He akimtukuza kama baharia mkuu wa taifa. China ilikuwa imepigwa na Waingereza, Wafaransa na Wajapani, na ilihitaji shujaa wa kusimama mbele ya mashujaa wa Ulaya. Liang huyohuyo ndiye aliyeuliza kwa uchungu kwa nini baada ya Columbus walitokea akina Columbus wengi, na baada ya Zheng He hakutokea wa pili. Kwa hiyo majivuno na masikitiko vilizaliwa siku moja, katika maandishi ya mtu mmoja. Miongo mingi baadaye mwanauchumi wa Marekani David Landes, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu utajiri na umaskini wa mataifa, alilichukua swali hilo akaligeuza hukumu: Wachina walikosa udadisi, wakajifungia, wakapitwa. Simulizi hiyo ya kujifungia inasahau kwamba wafanyabiashara wa Fujian hawakuacha kusafiri, kwa ruhusa au kwa magendo, na kwamba mwaka 1567 dola yenyewe ililegeza marufuku ya biashara ya bahari.

Na ajabu ni kwamba dai lililotiwa chumvi kuliko yote halikutoka Beijing. Gavin Menzies, ofisa mstaafu wa nyambizi wa Uingereza, alichapisha mwaka 2002 kitabu kinachodai kwamba meli za Zheng He zilifika Amerika mwaka 1421, miaka sabini kabla ya Columbus. Wanahistoria walikichambua ukurasa kwa ukurasa wasione ushahidi, lakini kiliuzwa kama njugu. Mwaka 2006 ikaonyeshwa ramani iliyodaiwa kunakiliwa kutoka ya mwaka 1418, nayo wataalamu wengi, Wachina wakiwemo, wakaikataa. Tazama heshima inayotolewa hapa ni ya namna gani: Zheng He hawi mkubwa mpaka amtangulie Mzungu kwenye safari ya Mzungu.

Yeye hakuwa na safari hiyo akilini. Mfalme Yongle aliyemtuma alikuwa amempokonya mpwa wake kiti mwaka 1402, na alihitaji wajumbe wa mbali waje kumsujudia ili watu wa karibu wanyamaze. Njia alizopita zilikuwa zikijulikana tangu zamani. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, iligunduliwa meli iliyozama karne ya 9 ikiwa na vyombo vya kauri vya China vipatavyo 60,000. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba, kwa ufundi wa magharibi ya Bahari ya Hindi. Zheng He alifika Calicut na Hormuz kama mgeni mkubwa kwenye soko la watu wengine, akilijua hilo. Jiwe alilolisimamisha Galle, Sri Lanka, lililoandikwa mwaka 1409, lina lugha tatu: Kichina kinamsifu Buddha, Kitamili kinamsifu mungu wa Wahindu, Kiajemi kinamsifu Mwenyezi Mungu, na kila upande umeorodheshewa zawadi zake. Hiyo ni diplomasia ya mtu anayejua yuko wapi. Ila katika msafara wa tatu, majeshi yake yalimteka mtawala wa kisiwa hichohicho na kumpeleka China, na kabla ya hapo, huko Palembang mwaka 1407, watu zaidi ya 5,000 waliuawa katika vita na kundi la maharamia. Serikali ya China leo inamtaja kama balozi wa amani ambaye hakuchukua hata shubiri ya ardhi. Ardhi kweli hakuchukua. Amani ni suala jingine.

Atasema mtu kwamba fahari hii ni jibu la haki. Mwanafalsafa Hegel alifundisha kwamba China imesimama mahali pamoja, na mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la Yuanmingyuan, kisha Waingereza wakaliteketeza. Aliyetukanwa vile anapojisifu kidogo, kuna ubaya gani? Hoja hii ina uzito, na anayemlaumu Mchina kwa Zheng He huku akimnyamazia Mhispania kwa Columbus hatendi haki. Lakini dharau ya Ulaya ilivunjwa na kazi kama ya Joseph Needham, aliyeanza kuchapisha mwaka 1954 mfululizo wa vitabu vya sayansi na ustaarabu wa China, akaonyesha uchapaji, dira na baruti kwa vyanzo vinavyokaguliwa. Jibu la kupamba linamwachia mwenye dharau mahali pa kushika. Tena fahari haimkandamizi mgeni peke yake. Gu Jiegang, mwanahistoria wa Beijing, alithubutu miaka ya 1920 kuwatilia shaka wafalme wa kale wa hadithi, na mwaka 1929 kitabu chake cha shule kikapigwa marufuku na serikali ya nchi yake mwenyewe.

Na hiyo fahari ni ya nani? Zheng He alizaliwa Yunnan katika familia ya Waislamu. Baba na babu yake waliitwa Haji. Ming walipoiteka Yunnan, yeye alikuwa mtoto, akachukuliwa mateka na kuhasiwa. Anayetaka kumfanya sura ya taifa moja lisilochanganyika atalazimika kufuta nusu ya maisha yake.

Mizani ya Columbus inatugusa hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu kwenye mizani hiyo mwenyeji hana pa kukaa ila kwenye kundi la waliogunduliwa. Vyombo vya kauri vilivyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, au sarafu ya Yongle iliyofukuliwa kisiwa cha Manda mwaka 2013, hutajwa upesi kuwa nyayo za Wachina, wakati bidhaa kama hizo zilipita mikononi mwa Wahindi, Waajemi, Waarabu na Waswahili kwa karne nyingi. Mwaka 2005, msichana wa kisiwa cha Pate alipewa nafasi ya kusoma China kama mzao wa mabaharia wa Zheng He, kwa kufuata mapokeo ya mji wa Siyu kisiwani humo kuhusu meli iliyovunjika huko. Mapokeo si ya kudharauliwa. Lakini meli yenyewe haijapatikana, na utafiti wa vinasaba vya wakazi wa kale wa pwani uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha asili ya Asia iliyotoka hasa Uajemi, na kiasi India. Hautoshi kuikanusha Siyu, ila unamtaka mwenye kudai alete zaidi ya hadithi.

Ushahidi ulio imara zaidi unaelekea upande mwingine. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle, na maofisa wakamshangilia kama mnyama wa heri anayejitokeza kwa mtawala mwema, jambo lililomfaa sana mnyang'anyi wa kiti. Msafara wa kwanza wa Zheng He ambao wanahistoria wengi wanakubali kwamba ulifika Afrika ni wa tano, ulioondoka China mwaka 1417 ukiwa na kazi ya kuwarudisha makwao wajumbe waliokuwa wamefika China. Watu wa Malindi walikwenda China kwanza.