Je, Wajua? Mashine Inayosoma Ubongo

• Je, wajua kwamba huko Kikuyu, magharibi mwa Nairobi, David Gathu na Moses Kiuna, wabunifu waliojifundisha wenyewe, waliunda mkono bandia unaoamriwa na mawimbi ya ubongo? Walitumia mbao na vifaa vya elektroniki vilivyokwisha kutupwa.

• Mawimbi hayo ni hafifu mno. Juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti. Ukipepesa jicho yanafunikwa, na stima ya ukutani, yenye mizunguko 50 kwa sekunde, huyavuruga.

• Mjerumani Hans Berger aliyarekodi kwa binadamu mwaka 1924. Wazo la kuyaunganisha na kompyuta lilitangazwa na Jacques Vidal wa California mwaka 1973.

• Vichwa havifanani. Ndiyo maana mtumiaji mpya huketishwa, mara nyingi dakika 20 hadi 30, akiwazia kusogeza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, tena na tena, mpaka mashine imwelewe. Kesho yake elektrodi, yaani vipokezi vya mawimbi vinavyowekwa kichwani, zikikaa kando kidogo, huenda zoezi likarudiwa.

• Dawa ya marudio hayo ni kuhamisha mafunzo. Dereva wa matatu aliyezoea Waiyaki Way akipelekwa Ngong Road hafundishwi gia upya. Anahitaji kujua steji tu. Vivyo hivyo, mashine iliyofunzwa kwa vichwa vya wengine humhitaji mgeni kwa muda mfupi. Kwanza rekodi za kila mtu husawazishwa ili zilingane, ndipo zichanganywe.

• Mojawapo ya hifadhi za data zinazotumiwa sana kupima mbinu hizi, ya mwaka 2008, ina watu 9 tu. Walivishwa elektrodi 22, wakawazia mkono wa kulia, wa kushoto, miguu na ulimi.

• Elektrodi sharti iguse ngozi. Kwa aliyetoka kusukwa Kenyatta Market, hiyo ni kazi. Huko Marekani, Arnelle Etienne wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alibuni elektrodi za Sevo, zinazoshikiliwa na matuta yenyewe ya nywele.

• Asiyefikiwa na elektrodi hapimwi, na mafunzo hayahamishwi kutoka kwa mtu ambaye hakupimwa. Chuo au hospitali ya Nairobi itakayonunua mashine hizi na iulize kwanza: zilifunzwa kwa vichwa vya nani?