Moyo Umerudi, Fahamu Bado

Mshtuko wa moyo unaweza kuusimamisha moyo kabisa. Madaktari wakafanikiwa kuurudisha, lakini mgonjwa akabaki hajitambui. Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi ndugu huuliza: “Dokta, ataamka?” Siku ya kwanza hakuna anayejua, na anayewakatisha tamaa usiku huohuo amewahi mno.

Kinachokuwa kimeumia ni ubongo. Damu ikikatika, fahamu hupotea katika sekunde chache. Dakika nne au tano zikipita, seli za ubongo huanza kufa. Ndiyo maana tunauliza: nani alimwona akianguka? Alibonyezwa kifua mapema? Mwanasoka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London Machi 17, 2012, na moyo wake ukasimama kwa dakika 78. Hakuwa na mshtuko wa moyo wa mishipa kuziba, lakini kwa kuwa alibonyezwa kifua papo hapo, damu iliendelea kufika kichwani. Siku chache baadaye aliwatambua ndugu zake. Kuamka hivyo ni nadra, nasisitiza. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliohusu wagonjwa zaidi ya 1,800 walioletwa hospitali wakiwa hawajitambui baada ya moyo kusimama, takriban nusu walifariki ndani ya miezi sita.

Hukumu ya kama ataamka husubiri angalau saa 72, kwa sababu dawa za usingizi alizopewa mgonjwa hukawia kutoka mwilini, hasa figo zikiwa zimechoka. Hapo ndipo tunapomulika mboni za macho, tunapima umeme wa ubongo, tunapiga picha ya kichwa. Dalili moja peke yake haitoshi kusema hakuna matumaini. Zikipingana, tunasubiri, maana wapo wanaochelewa kuamka. Waulizeni madaktari dawa za usingizi zilisimamishwa lini.

Mara nyingi dada au mke hutoka akilia kwa furaha: “Amenishika kidole!” Inaniuma kumweleza kwamba kiganja hujikunja chenyewe kikiguswa, hata macho yanaweza kufumbuka bila fahamu kurudi. Mwambie mgonjwa aachie kidole, kisha ainue dole gumba. Akitii, tena na tena, mwite muuguzi mara moja.

Anayeamka anaweza kusahau jambo aliloambiwa asubuhi, kuchoka upesi au kukasirika ovyo. Kumbukumbu huimarika zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo msimharakishe kurudi kazini.