Mbwa Wawili, Shimo Moja

Kwetu Newala, panya wa shambani tunamwita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Samaki wa maji ni mpaka uteremke Ruvuma. Huyu wa mchangani tunamchimba.

Aliyenifundisha ni mjomba, kama ilivyo kawaida yetu Wamakonde, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama. Alikuwa na mbwa wawili, Tabu na Subiri. Tuliyemtafuta zaidi ni panya buku, ambaye anaweza kuzidi kilo 1, na shimo lake lina milango kadhaa. Ukimfukua huku anatokea kule, nawe umebaki na jembe mkononi.

Tabu alikuwa mnusaji. Alizunguka mkorosho pua chini, akasimama penye mlango unaotumika, wenye udongo mbichi. Mjomba aliifuata milango mingine, akaiziba na kuikanyaga kwa kisigino, akabakiza miwili. Kwenye mmoja alilala Subiri, kimya, upepo ukitoka shimoni kumjia yeye. Wa pili tulianza kuufukua. Moshi mjomba hakuutaka kabisa: nyasi za Agosti zikishika moto, mikorosho ya watu inakwisha. Jembe liligonga, Tabu akabweka, na panya akakimbilia upande usio na kelele. Huko ndiko alikokuwa Subiri.

Siku moja Subiri alichomwa mwiba, tukaazima mbwa wa jirani, mkubwa na mkali kuliko hao wote wawili. Tulirudi mikono mitupu. Yeye na Tabu waligombea tundu moja, wakirushiana mchanga machoni, na panya akapita mlango wa nyuma tukimwona.

Ulaya wana feriti, ndugu wa kicheche, aliyefugwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Huyo huingia shimoni mwenyewe kumtoa sungura, milango ikiwa imetegwa nyavu. Shimo likiwa kubwa, huingizwa wawili au zaidi, ili sungura akimkwepa mmoja akutane na mwenzake. Mbwa wetu haenei tunduni. Kazi ya feriti, kwetu inafanywa na mshindo wa jembe.

Panya buku mwenyewe namheshimu. Shirika la APOPO, lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, humfunza kunusa mabomu ya ardhini. Ng'ambo ya Ruvuma alisaidia kuisafisha Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu hayo. Nilipojua hilo nilielewa kwa nini mjomba alijali sana upepo: tulikuwa tunamwinda mwenye pua kali kama za mbwa wetu.

Jioni panya walibabuliwa manyoya, wakabanikwa, wakaliwa kwa ugali wa muhogo. Matumbo yalikuwa ya mbwa, nusu kwa nusu. Mjomba alianza kumpa Subiri, kwa kuwa kutwa nzima alisikia mwenzake akifukua, naye hakuinuka.