Vifaa vya kusaidia kusikia na wazee wa Oman

Katika nyumba nyingi za Ibra, Sur na Nizwa nchini Oman, wazee waliozaliwa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki bado huzungumza Kiswahili na jamaa zao. Wapo walioondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na wapo waliohamia baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970. Vijana wa wakati ule leo ni wazee, na baadhi yao wameingiwa na uzito wa masikio.

Hawako peke yao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji matibabu au msaada kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu.

Umri huanza kwa kuondoa sauti nyembamba. Irabu za Kiswahili husikika, lakini konsonanti hupotea, hata "pika", "fika" na "shika" yakawa neno moja. Ndiyo maana mzee hulalamika kwamba anawasikia wanawe ila hawaelewi, nao humdhania kuwa hajali au amepungukiwa na akili.

Kabla ya kununua chochote, sikio lichunguzwe. Huenda tatizo ni nta iliyoziba tu. Kisha hupimwa usikivu wa kila sikio, na hapa familia ziwe macho: kipimo cha kutambua maneno kikifanywa kwa Kiarabu, mtu aliyekulia katika Kiswahili anaweza kushindwa kwa sababu ya lugha, si ya sikio. Jamaa anayemsindikiza amweleze mpimaji mapema.

Vifaa vya kidijitali, vilivyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, havikuzi kila sauti kwa kiwango kimoja. Mtaalamu hukipanga kifaa kufuatana na matokeo ya kipimo, kwa hiyo kuazima cha marehemu mjomba ni kupoteza wakati. Wengi huvutiwa na vile vidogo vinavyojificha ndani ya tundu la sikio. Lakini vidole vinavyotetemeka havimudu betri zake ndogo. Kifaa kinachokaa nyuma ya sikio, hasa cha kuchaji, humfaa zaidi mzee wa namna hiyo. Masikio yote mawili yakiwa yamedhoofu, vifaa viwili husaidia kutambua sauti inatoka upande gani.

Siku za mwanzo huwa ngumu. Bomba la maji, sahani na hata nyayo huwa kelele, na wengi hukitupa kifaa kabatini. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Aanze kwa saa chache nyumbani na mtu mmoja, ndipo aende kwenye sabla, ambako wazungumzaji kumi husema kwa pamoja. Huko aketi kelele ikiwa nyuma yake. Kilemba au mtandio ukikigusa kifaa, hukwaruza au hupiga mluzi.

Hali ya hewa nayo ina lake. Sur, iliyo pwani, ina unyevu unaopenya ndani ya kifaa. Usiku kiwekwe ndani ya kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Nizwa na Ibra zina joto kali na vumbi, na kukiacha ndani ya gari mchana wa kiangazi ni kukiua. Betri za zinki hufanya kazi kwa hewa: zikishabanduliwa karatasi yake huanza kupungua hata zisipotumika, na hewa kavu huzimaliza upesi. Baada ya kuibandua, ingojwe dakika moja au zaidi kabla ya kuiweka. Watoto wasizifikie, kwani kumeza betri ni hatari ya maisha.

Kifaa hutolewa kabla ya udhu na kuoga, na manukato yapulizwe kabla ya kukivaa. Hufutwa kila siku kwa kitambaa kikavu, na nta huondolewa kwa brashi ndogo. Kipande cha plastiki kinachoingia sikioni, kama kinatenganishwa, ndicho pekee kinachooshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha hukaushwa barabara.