DAWA INAYOJARIBIWA HAIUZWI SOKONI

Jirani yangu mmoja wa Kariakoo alinijia baada ya sala ya Alasiri, hati ya nyumba mkononi. Mkewe ameshikwa na saratani ya titi, na mtu wa sokoni amemwahidi dawa mpya ambayo, kwa maneno yake, ingali ikijaribiwa ng'ambo. Lakini yataka fedha taslimu. Jirani alinitaka niwe shahidi wa kuuza nyumba. Nilikataa kutia sahihi mpaka aonane kwanza na madaktari wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Msinidhanie kuwa nazipinga dawa mpya. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na majaribio ndiyo yaliyotuletea dawa nyingi. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Katika miaka iliyofuata, dawa zilizokuwa changa wakati ule, mojawapo siklofosfamaidi, zilijaribiwa kwa watoto wa Uganda na Kenya, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo Mulago kwa kazi hiyo, nacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo siklofosfamaidi ni dawa ya kawaida.

Lakini kila nyumba ina mlango wake. Hapa Tanzania jaribio la dawa halianzi bila ya idhini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa hupimwa kama anafaa. Huelezwa faida na hatari. Hutia sahihi kwa hiari yake, na aweza kujitoa siku yoyote. Dawa ile hauziwi. Wala haahidiwi kupona, kwani lau hilo lingejulikana, jaribio lisingehitajika. Na pasipo jaribio, daktari wake aweza kumwombea dawa kwa watengenezaji, na kibali cha kuiingiza nchini kikaombwa kwa Mamlaka.

Basi akujiaye na dawa ya majaribio, muulize: daktari gani anaisimamia? Kibali kiko wapi? Na fedha ni za nini? Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakutuondolei wajibu wa kuuliza.

Jirani yangu aliambiwa kuwa hata matibabu ya kawaida mkewe alikuwa hajayamaliza. Nyumba haikuuzwa. Mama anaendelea na matibabu, nasi twamwombea shifaa.