Mozart kwa vidole vidogo: nani huwapangia watoto muziki?

Muziki wa Mozart, Vivaldi na Pachelbel hupigwa na vikundi vya watoto katika pembe nyingi za dunia, Afrika Mashariki na nchi za Kiarabu zikiwemo. Hata hivyo, nota ambazo watoto hao huwekewa mbele yao mara nyingi si zile zilizoandikwa na watunzi wenyewe.

Kati ya mtunzi na mtoto yupo mtu wa tatu ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, kama likiandikwa. Huyo ni mpangaji wa muziki. Kazi yake ndiyo inayoamua ni mtoto gani atapata nafasi ya kupiga, atapiga nini, na ni muziki wa nani utakaorithiwa na kizazi kijacho.

Al-Nuzha ya Riyadh na ya Jeddah

Mtaa wenye jina la Al-Nuzha upo mjini Riyadh, na mwingine wenye jina hilo hilo upo Jeddah. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya matembezi ya kujiburudisha. Wanahistoria wa muziki wanalijua kwa sababu nyingine pia: Safi al-Din al-Urmawi, mwanazuoni wa muziki aliyefariki Baghdad mwaka 1294, anatajwa kuwa mbunifu wa ala ya nyuzi iliyoitwa nuzha.

Kwa miaka mingi mtoto aliyeishi katika mitaa kama hiyo nchini Saudi Arabia hakuwa na chuo cha wazi cha kujifunza ala. Mwezi Mei 2008, wanamuziki wanne kutoka Ujerumani walipopiga kazi za Mozart katika kituo cha utamaduni cha serikali mjini Riyadh, mbele ya wanaume na wanawake waliokaa ukumbi mmoja, tukio hilo lilitangazwa duniani kama jambo lisilokuwa na mfano nchini humo.

Hali imebadilika tangu wakati huo. Mwaka 2020 serikali iliunda Kamisheni ya Muziki chini ya Wizara ya Utamaduni, na Desemba mwaka huo huo wizara hiyo ilitoa leseni za kwanza kwa taasisi mbili za mafunzo ya muziki. Mwaka 2022 Okestra ya Taifa ya Saudi Arabia ilipiga mjini Paris, fidla na selo zikiwa bega kwa bega na udi na kanuni.

Basi tuchukue mfano wa mwalimu mwenye wanafunzi wanane katika mojawapo ya mitaa hiyo. Watano wanapiga fidla, mmoja viola, wawili selo. Wawili wamesoma miaka minne, wanne mwaka mmoja, na wawili walianza mwezi uliopita. Wazazi wanataka kusikia Mozart. Mwalimu afanye nini?

Kupanga muziki ni kazi gani?

Kupanga muziki ni kuchukua utungo uliokwishaandikwa na kuugawa upya ili upigwe na watu au ala zisizokuwa katika fikra za mtunzi. Mahadhi hubaki yale yale. Kinachobadilika ni nani anayeyapiga, juu au chini kiasi gani, kwa kasi gani, na nini kinachosikika chini yake.

Jambo la kwanza ambalo mpangaji hulitazama ni mkono wa kushoto. Nyuzi nne za fidla hutegwa Sol, Re, La na Mi. Mtoto anayeanza huweka vidole karibu na ncha ya shingo ya ala, mahali panapoitwa nafasi ya kwanza, wala hapandi juu zaidi. Kwa hiyo mpangaji huuhamishia utungo kwenye ngazi ya sauti inayovikubali vidole hivyo, hasa ile ya Re, ya Sol au ya La, ambapo nyuzi zilizo wazi husaidia kila mara.

La pili ni mkono wa kulia. Upinde wa mtoto ni mfupi na mkono wake huchoka upesi. Mpangaji mzuri huonyesha mahali upinde unapopanda na unapoteremka, na huacha kimya kifupi ili kikundi chote kirudi pamoja.

La tatu ni idadi. Vikundi vingi vya watoto vina wapiga fidla wengi na wapiga viola wachache, au hawana kabisa. Ndiyo maana mipangilio ya watoto huwa na sehemu ya fidla ya tatu, inayobeba sauti zile zile za viola ila kwa maandishi ambayo mpiga fidla anaweza kuyasoma. Pasipo ukurasa huo mmoja, sauti ya katikati hupotea na muziki hubaki na kichwa na miguu bila kiwiliwili.

Kurahisisha si kuharibu

Wapo wanaoamini kwamba kumpangia mtoto muziki ni kumnyima muziki wenyewe. Hofu hiyo ina msingi pale kazi inapofanywa ovyo. Mpangaji mvivu hufuta kila sauti ngumu, akabakiza mifupa ambayo hata mtoto mwenyewe huiona haina ladha.

Mfano mzuri ni Kanoni ya Pachelbel. Katika kazi hiyo ala za chini hupiga sauti nane tu, ambazo hurudiwa mara 28 tangu mwanzo hadi mwisho, huku fidla tatu zikifuatana juu yake kwa mapambo yanayozidi kukua. Kwa mtoto wa selo huo ni mtihani wa subira, si wa muziki.

Mpangaji anayewajali watoto huigawa kazi hiyo kwa namna nyingine. Humwachia mwanafunzi wa mwezi mmoja zile sauti nane, kwa kuwa anaziweza, na humpa mpiga selo aliyekomaa nafasi ya kuimba mahadhi japo mara mbili au tatu. Hapo kila mtoto huwa na jambo la kumfanya arudi wiki inayofuata.

Watunzi mashuhuri nao hawakuona aibu kuwaandikia wanaojifunza. Antonio Vivaldi aliajiriwa mwaka 1703 katika Ospedale della Pietà mjini Venice, makao ya watoto waliotelekezwa, na wasichana wa huko ndio waliopiga sehemu kubwa ya kazi zake. Gustav Holst, aliyekuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya St Paul's mjini London, aliiandikia okestra ya shule hiyo utungo wa nyuzi uliochapishwa mwaka 1922 na ambao hadi leo hupigwa na okestra za watu wazima.

Bela Bartok wa Hungary alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1931, kwa ombi la mwalimu wa fidla wa Ujerumani, Erich Doflein, aliandika vipande 44 vya fidla mbili, vikianzia kwenye vyepesi na kupanda hadi vigumu. Karibu vyote vimejengwa juu ya nyimbo za wakulima alizozikusanya vijijini. Kipande cha 42 kinaitwa Wimbo wa Kiarabu, kwa maana mwaka 1913 Bartok alisafiri hadi Biskra, Algeria, kurekodi muziki wa wenyeji.

Somo la Bartok ni jepesi kueleza: ngazi ya kumpandisha mtoto inaweza kujengwa kwa mbao za nyumbani.

Fidla ya Unguja

Katika mwambao wa Afrika Mashariki mbao hizo zipo tele. Masimulizi ya historia ya taarab yanaeleza kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo ili ajifunze kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Katikati ya karne ya 20, taarab ya Unguja iliiga okestra kubwa za Cairo, na safu za fidla zikawa uti wa mgongo wake, zikisindikizwa na selo na besi kubwa.

Kwa maneno mengine, kikundi cha ala za nyuzi si kitu kigeni kwa Mzanzibari. Bashrafu, utungo usioimbwa ambao kwa desturi hufungua shughuli ya taarab, ni muziki wa okestra kwa kila hali.

Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifungua milango yake katika jengo la Forodha ya Zamani, Mji Mkongwe, na kuanza kufundisha fidla, udi, kanuni na ala nyingine kwa vijana na watu wazima. Kabla ya hapo, aliyetaka kujifunza aliketi karibu na fundi wake klabuni, akatazama vidole na kusikiliza. Nyimbo nyingi zilipita kwa sikio kutoka mzee hadi kijana.

Njia hiyo ina nguvu yake, lakini ina hatari moja: fundi akifariki bila mwanafunzi, na utungo wake huzikwa pamoja naye.

Sauti ambayo piano haina

Kuipanga taarab kwa ajili ya watoto kuna ugumu wake. Katika makamu ya Rasti, sauti ya tatu ya ngazi iko chini kidogo ya ile ya muziki wa Ulaya, lakini haishuki hadi kufikia ile inayoifuata kwa chini. Piano ya kawaida haina sauti hiyo. Fidla inayo, kwa sababu shingo yake haina vyuma vya kugawa sauti kama ya gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti inapatikana.

Suala hilo lilizua mabishano makali katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, ambao Bartok naye alihudhuria. Wajumbe walijadili kama ala za Ulaya ziruhusiwe katika muziki wa Kiarabu. Piano ndiyo iliyoleta ubishi. Fidla ilikuwa imekwishajipatia uraia.

Kwa hiyo mpangaji anayeweka chini ya bashrafu sauti zinazoambatana kwa mtindo wa Ulaya huilazimisha ile sauti ya tatu ipande au ishuke, na makamu hufa papo hapo. Njia zilizo salama zipo: selo ivute uzi ulio wazi mfululizo chini ya mahadhi; fidla zigawanywe makundi mawili yanayoitikiana; wengine wadonoe nyuzi kwa kidole wakifuata mapigo ya dumbaki.

Aidha, ipo faida ambayo Mozart haitoi. Katika taarab wapigaji wote hufuata mahadhi mamoja, kila mmoja akiyapamba kwa kadiri ya ufundi wake. Aliyeanza juzi anaweza kupiga mahadhi makavu, na aliyesoma miaka minne akayanakshi, wote wakiwa ndani ya utungo mmoja na bila mmoja kumzuia mwenzake. Tatizo ambalo mpangaji wa muziki wa Ulaya huhangaika kulitatua kwa kurasa nyingi, mila ya mwambao ililitatua zamani.

Pasipo ala, kupanga ni lazima

Mjini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 katika mtaa wa Korogocho, jirani na jalala la Dandora, hufundisha watoto ala za nyuzi na za kupulizwa. Mahali kama hapo kikundi huundwa kwa ala zilizopo, si kwa zile alizozitaka mtunzi, na nota hulazimika kufuata hali hiyo.

Mjini Kinshasa, okestra ya Kimbanguiste iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilianza na fidla chache ambazo wanafunzi walipokezana. Nyuzi zilipokatika, waya za breki za baiskeli zilichukua nafasi yake. Nota nazo zilinakiliwa kwa mkono.

Kisheria, kazi za Mozart, Vivaldi na Pachelbel ziko huru kwa yeyote kuzipanga. Chini ya Mkataba wa Berne haki za mtunzi hudumu kwa uchache miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini wimbo wa taarab ambao mtunzi wake yu hai, au aliyefariki miaka ya karibuni, unahitaji ruhusa yake au ya warithi wake. Kuiomba ruhusa hiyo ni heshima kwa mtunzi, na mara nyingi ni fursa ya mwisho ya kumuuliza namna wimbo unavyopaswa kupigwa.

Turudi kwa wale watoto wanane. Mwalimu wao anaweza kununua Mozart aliyekwishapangwa; vitabu vya aina hiyo vimejaa madukani. Bashrafu ya Unguja iliyopangwa kwa fidla tano, viola moja na selo mbili haipatikani kwa urahisi huo. Mtu ataketi na fundi, asikilize, aandike, awape watoto wajaribu, kisha afute na kuandika tena.

Ni kazi ya jioni chache kwa utungo mmoja. Isipofanywa, mtoto wa Kizanzibari aliyekulia Riyadh, London au Toronto atakuwa mpiga fidla hodari anayezijua sauti nane za Pachelbel kwa moyo, na ambaye hajawahi kukiweka kidole chake mahali ilipo sauti ya tatu ya Rasti.